Kutu Ndani ya Mabomba: Tuyalinde Kabla Hayajafukiwa



Kamati nyingi za parokia na sharika zilizoko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Boko upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, zimejenga au zinafikiria kujenga mradi mdogo wa maji. Mpangilio wake mnaufahamu: kisima kirefu, pampu ya umeme, tangi juu ya mnara, na mabomba yanayopeleka maji kwenye kioski, shule ya chekechea au zahanati. Katika makadirio ya gharama, uchimbaji hupewa ukurasa mzima. Pampu na tangi hupewa aya moja kila kimoja. Mabomba huandikwa kwa mstari mmoja tu: “mabomba na viungo vyake”. Makala haya yanahusu mstari huo, na hasa sehemu ya bomba ambayo hakuna mwanakamati anayeiona, yaani upande wake wa ndani.

Bomba la chuma likianza kuota kutu kwa ndani, maji hutoka mekundu asubuhi, yana ladha ya msumari, na huacha madoa kwenye sare nyeupe za watoto. Chai inayopikwa kwa maji hayo huwa nyeusi kabla hata majani hayajakolea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba chuma kikizidi miligramu 0.3 katika lita moja ya maji huanza kutia madoa nguo na vyombo, ingawa kiasi hicho si sumu. Lakini mama anayekuja na ndoo hana maabara. Anaangalia rangi. Akiona wekundu, hurudi kwenye kisima kifupi cha jirani kilicho hatua chache kutoka chooni, ambacho maji yake yanang'aa na yanaweza kuwa yamebeba vimelea vya kipindupindu. Hapo ndipo fedha za waumini na za wafadhili zinapopotelea. Kisima kipo, pampu inafanya kazi, na watu hawachoti.

Maji yetu yanatoka wapi

Jiji la Dar es Salaam hutegemea zaidi mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976, na yote miwili imepanuliwa baadaye. Hata hivyo mji ulikua haraka kuliko mabomba. Ukame wa mwaka 1997 ulipopunguza maji ya mto, visima vingi vilichimbwa kwa dharura, na tangu hapo shule, hospitali, misikiti, makanisa na watu binafsi wameendelea kuchimba. DAWASA imefikisha mtandao wake katika mitaa mingi ambayo zamani haikuwa nao, lakini kisima bado ni tegemeo la wengi, hasa siku za mgawo.

Kwa suala la kutu, kuna tofauti kubwa kati ya maji haya mawili. Maji ya mto hupita kwenye mtambo, ambako kuna wataalamu wanaoyapima kila siku na wanaoweza kurekebisha uchachu wake kabla hayajaingia kwenye mabomba. Maji ya kisima huingia kwenye bomba lenu kama yalivyotoka ardhini. Kama ni makali, bomba litakuwa la kwanza kujua.

Jambo hili likipuuzwa hata nchi tajiri huumia. Mwezi wa Aprili 2014, mji wa Flint katika jimbo la Michigan, Marekani, ulibadilisha chanzo chake cha maji ili kupunguza gharama. Maji mapya ya mto yalikuwa na kloridi nyingi zaidi, na dawa ya fosfeti ambayo hutandika utando wa kulinda mabomba kwa ndani haikuwekwa. Mabomba yaliliwa, maji yakawa mekundu, na risasi iliyokuwa kwenye mabomba ya zamani ikaingia katika maji ya kunywa ya watoto. Mwezi wa Oktoba 2015 mji ulirudi kwenye chanzo cha awali, lakini kazi ya kubadilisha mabomba iliendelea kwa miaka mingi. Kiasi kilichookolewa kwa kubadilisha chanzo kilikuwa kidogo sana mbele ya hasara iliyofuata.

Kutu inavyofanya kazi, na kwa nini bomba dogo huumia zaidi

Chuma huchimbwa ardhini kikiwa kimeungana na oksijeni. Tanuru huvitenganisha kwa moto mkali. Kutu ni chuma kikijirudia katika hali yake ya zamani, na ili kifanye hivyo kinahitaji vitu viwili tu: maji na oksijeni. Ndiyo maana bomba lililojaa maji wakati wote huoza polepole kuliko bomba linalojaa na kukauka. Maji yaliyotulia humaliza oksijeni yake. Bomba linaloachwa tupu kila siku huvuta hewa mpya kila siku. Mfumo wa mgawo, au tabia ya kufunga maji kwenye tangi usiku na kuacha mabomba yamwagike, ni karamu kwa kutu.

Kutu haikai kwenye bomba kama rangi iliyopakwa sawasawa. Hujikusanya katika vinundu. Kila kinundu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na chini yake kuna shimo linaloendelea kuchimbika. Kwa hiyo bomba hupata madhara mawili kwa pamoja: linatoboka na linaziba.

Fikirieni bomba la robo tatu, ambalo ndilo linalotumika zaidi kutoka kwenye tangi hadi kwenye koki za kioski. Tundu lake lina upana wa takriban milimita 20. Vinundu vya milimita 5 vikiota kila upande, njia inabaki milimita 10, yaani nusu. Wengi hudhani maji yatapungua nusu pia. Sivyo. Kwa nguvu ileile ya tangi, maji yanayopita yatakuwa karibu sehemu moja ya sita tu ya yale ya mwanzo. Vinundu hivyohivyo katika bomba kubwa la inchi kumi na mbili visingetambulika kwa urahisi. Kamati nyingi zikiona maji yamekuwa membamba hununua pampu kubwa zaidi au huinua mnara, ilhali ugonjwa uko kwenye bomba.

Bomba kubwa lina bahati nyingine. Linaweza kupakwa kwa ndani. Katika karne ya 19 Waingereza waliyachovya mabomba ya chuma katika lami ya makaa ya mawe, na mwaka 1922 mji wa Charleston, Marekani, ulianza kutumia mabomba ya chuma yenye saruji kwa ndani. Saruji ina chokaa nyingi, na chuma kinachoguswa na chokaa hujifunika kwa utando unaozuia kutu. Njia hiyo bado inatumika duniani kote kwa mabomba makubwa. Kwa bomba la nusu inchi au robo tatu haiwezekani: saruji ingekula nafasi yote, na hakuna brashi inayofika ndani baada ya bomba kufungwa. Wako wafanyabiashara wanaotangaza dawa za kumimina ndani ya mabomba ili “kuua kutu”. Ushauri wetu ni kuachana nazo katika maji ya kunywa. Tindikali inayoondoa kutu huondoa pia zinki iliyobaki, na bomba huoza kwa kasi kuliko mwanzo.

Zinki: mlinzi anayejitoa

Mabomba madogo ya chuma yanayouzwa madukani kwetu yamechovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi takriban 450, sawa na bati la nyumba. Zinki hulinda kwa njia mbili. Kwanza hufunika chuma. Pili, pakitokea mkwaruzo, zinki huliwa kwanza na kukiacha chuma kizima. Ni mlinzi mzuri, ila ni mwembamba: unene wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikishaisha, kinachobaki ni chuma kitupu.

Mahali pa kwanza kuisha ni kwenye uzi. Fundi anapokata bomba na kuchonga uzi wa kufungia soketi au elbo, huondoa zinki yote mahali hapo na pia hupunguza unene wa chuma. Ndiyo maana bomba huvuja kwanza kwenye maungio. Fundi mzuri husafisha vipande vya chuma na mafuta vilivyobaki ndani baada ya kuchonga, hupiga tupa ncha ya bomba isiwe na makali, na huufunika uzi wote kwa tepu au kwa katani na rangi inayofaa kwa maji ya kunywa, pasibaki uzi ulio wazi. Kazi hii ni ya dakika chache kwa kila kiungo, na inafaa mwanakamati awepo inapofanyika.

Unene nao una daraja. Kwa utaratibu wa Kiingereza uliozoeleka madukani, bomba jepesi lina mstari wa kahawia, la kati mstari wa bluu, na zito mstari mwekundu. Kwa bomba la robo tatu tofauti ni kati ya takriban milimita 2.3, 2.6 na 3.2. Bei ya jepesi huvutia, lakini uzi ukishachongwa linabaki na chuma kidogo sana cha kuliwa. Kama makadirio yameandika “bomba la chuma robo tatu” bila daraja, mjue muuzaji ndiye atakayewachagulia.

Maji ya mahali penu yakoje?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu zinki ileile inaweza kudumu miongo katika kisima kimoja na kuisha katika miaka michache kwenye kisima kingine.

Adui wa kwanza katika mji wa pwani ni chumvi. Maji ya bahari yana takriban miligramu 19,000 za kloridi kwa lita. Pale visima vinapovutwa kwa wingi karibu na ufuko, maji ya bahari husogea chini ya ardhi kuja kuchukua nafasi, na kiasi kidogo tu kikichanganyika kinatosha kuyabadilisha maji ya kisima. Mdomo wa binadamu huanza kuhisi chumvi kloridi inapofika miligramu 250 hivi. Zinki huhisi mapema zaidi. Kloridi hupenya utando unaojijenga juu ya zinki na juu ya chuma, na huchimba mashimo. Hata chuma cha pua cha aina ya kawaida, ile ya 304, hutoboka katika maji yenye chumvi nyingi. Aina ya 316 huvumilia zaidi, kwa bei kubwa zaidi.

Adui wa pili ni uchachu, unaopimwa kwa kipimo cha pH. Saba ni katikati. Chini ya hapo maji yana tindikali. Maji ya mvua yanapopenya kwenye mchanga usio na chokaa hubeba hewa ya kaboni kutoka kwenye udongo na hubaki machachu. Yanapopita kwenye mawe ya chokaa, kama yale ya Kilima cha Wazo ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966, hulainika na kubeba chokaa, na chokaa hiyo huweza kutandika ukoko mwembamba ndani ya bomba, kama ule wa ndani ya birika. Ukoko mwembamba ni kinga. Ukizidi, nao huziba. Chumvi pia inaweza kuushinda, kwa hiyo maji magumu peke yake si dhamana.

Somo la uchachu lilijifunzwa kwa gharama kwenye pampu za mkono vijijini. Uchunguzi wa Otto Langenegger, uliochapishwa mwaka 1994 chini ya mpango wa maji wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, ulionyesha kwamba katika maji yenye pH chini ya 6.5 mabomba ya zinki hayafai kutumika kisimani. Pampu ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 kutokana na kazi iliyofanyika Malawi na Kenya, pamoja na majaribio ya Kwale katika pwani ya Kenya, ilitumia bomba la plastiki la kupandisha maji badala ya chuma. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisitisha matumizi ya mabomba na fito za chuma chenye zinki katika kufunga na kukarabati pampu za mkono. Serikali haifiki uamuzi wa namna hiyo bila kuona mabomba mengi yaliyooza.

Msikisie kwa kutazama kisima cha jirani. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kuchota kutoka tabaka tofauti. Mchimbaji anapomaliza kusafisha kisima na kupima uwezo wake, chukueni sampuli siku hiyohiyo na kuipeleka maabara ya maji. Pamoja na vipimo vya vimelea, ombeni kwa maandishi pH, kloridi, ugumu wa maji, alkali na chuma. pH ipimwe palepale kisimani, kwa sababu hewa ya kaboni hutoroka njiani na majibu ya maabara huonekana mazuri kuliko ukweli. Mabomba yasinunuliwe kabla ya majibu hayo. Tunajua mfadhili huwa na tarehe zake na kamati huwa na haraka ya uzinduzi, lakini gharama ya vipimo hivi ni ndogo mno ukilinganisha na kung'oa bomba la mita 60 kutoka kisimani.

Kwa wenye maji mekundu tayari

Kabla ya kung'oa chochote, hakikisheni chuma kinatoka wapi. Acheni mfumo utulie usiku kucha. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuchota, jazeni chupa safi kwa maji ya kwanza ya koki iliyo mbali zaidi. Acheni maji yatiririke robo saa, mjaze chupa ya pili. Kisha endesheni pampu kwa saa moja na mjaze ya tatu pale mdomoni mwa kisima. Zipangeni mezani bila vifuniko.

Kama ya kwanza ni nyekundu na mbili za mwisho ni safi na zinabaki safi, bomba la kusambazia ndilo linaloliwa. Kama zote zinatoka safi, kisha zinageuka rangi ya kutu baada ya saa chache, chuma kimeyeyuka ardhini na mabomba hayana kosa. Dawa yake ni kuyapigisha maji hewa kabla ya tangi na kuyachuja kwa mchanga. Kamati ikibadilisha mabomba katika hali hiyo itakuwa imetupa fedha. Na kama maji ya kisimani ni mekundu pampu inapowashwa tu, halafu yanasafika kadiri inavyoendelea kuvuta, shukuni bomba la kupandisha lililoko ndani ya kisima.

Tunachopendekeza

Ndani ya kisima, maji yakiwa na chumvi au pH ikiwa chini ya 6.5, msitumie bomba la zinki. Chagueni plastiki iliyotengenezwa kubeba uzito wa pampu na maji, pamoja na kamba ya usalama, au chuma cha pua cha aina ya 316 kama fedha inaruhusu. Chini ya ardhi, kutoka kwenye tangi hadi kwenye kioski, mabomba meusi ya plastiki yanayouzwa kwa roli yanatosha, na hayana kitu cha kuota kutu. Yana faida nyingine isiyosemwa sana katika ripoti: wanunuzi wa vyuma chakavu hawayataki.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaosema chuma kiondoke kabisa. Mguu wa koki unaosimama juani, unaoegemewa na ndoo na kuchezewa na watoto, ukiwa wa plastiki hauchukui muda kupasuka. Hapo wekeni chuma cha daraja la kati au zito, kipande kifupi, chenye yunioni ili kibadilishwe kwa nusu saa bila kuchimba. Kipande hicho kiwe cha kuliwa, na kamati iwe na cha akiba stoo.

Msichanganye shaba nyekundu na zinki ovyo. Maji yakipita kwenye bomba la shaba nyekundu kisha yakaingia kwenye bomba la zinki, chembe za shaba hukaa juu ya zinki na kuitoboa. Koki za shaba ya njano mwishoni mwa bomba hazina tatizo kubwa. Wenye nyumba za wageni zenye maji ya moto wajue pia kwamba maji yakifika nyuzi 60 hivi zinki huweza kuacha kulinda chuma, kwa hiyo bomba la zinki lisitumike baada ya chombo cha kupashia maji.

Mkitia klorini kuua vimelea kisimani au kwenye tangi, fuateni kipimo na muda, kisha mwage maji yote yenye dawa. Klorini nyingi ikiachwa kwenye bomba siku kadhaa hula chuma. Mabomba yabaki yamejaa wakati wote inapowezekana: fungeni koki za mwisho, si koki ya tangi.

Tahadhari moja inahusu umeme. Katika majengo ya zamani, bomba la maji wakati mwingine ndilo linalotumika kama waya wa ardhini. Likikatwa na kuwekwa la plastiki, jengo linabaki bila kinga. Muiteni fundi umeme akague kabla ya kazi kuanza.

Kwa wafadhili wetu, ombi ni kwamba bajeti mnayoidhinisha iwe na mistari mitatu mahali pa ule mmoja: vipimo vya maji kabla ya ununuzi, mabomba kwa aina, daraja na kipenyo, na kipande cha majaribio. Hicho cha tatu ni rahisi. Mwambieni fundi afunge, karibu na koki ya kwanza, kipande cha bomba cha urefu wa shibiri mbili chenye yunioni pande zote. Baada ya mwaka mmoja kifunguliwe, kikatwe kwa msumeno kwa urefu wake, na kipimwe kina cha mashimo yaliyomo. Kama mashimo yamefika nusu ya unene wa bomba, mna takriban mwaka mmoja wa kutafuta fedha za mabomba mapya, na kipande hicho kilichokatwa mnaweza kukiambatisha kwenye maombi yenu.